Kupasteurisha juisi, nyanya na jamu jikoni kwako: mwongozo kamili

Wakati wa mavuno pale Ilula, Iringa, matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu hadi unajiuliza nani atayamaliza. Miezi michache baadaye nyanya hizohizo zinauzwa kwa mafungu madogo na bei haishikiki. Pasheni, ukwaju na choya ni hivyohivyo: msimu ukifika vimejaa, ukipita huvioni. Kusindika nyumbani kunaziba pengo hilo, na hakuhitaji kiwanda. Sufuria pana, chupa za kioo, kipimajoto na subira vinatosha kuweka juisi kabatini kwa miezi kadhaa bila friji na bila dawa ya kuhifadhia.

Ila kuna swali la kujibu kabla hujawasha jiko, nalo ndilo linalotenganisha kazi salama na kazi ya hatari: hicho unachotaka kukifungia kwenye chupa kina asidi ya kutosha? Watu wengi huanza na moto. Anza na asidi.

## Moto unaua nini, asidi inazuia nini

Kupasteurisha ni kupasha kinywaji au chakula joto lililo chini ya kiwango cha kuchemka, kwa muda maalumu, ili kuua vijidudu vinavyokiharibu na vinavyoleta maradhi, bila kukipika mpaka kipoteze ladha yake. Jina limetokana na Mfaransa Louis Pasteur, ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba divai ikipashwa moto kiasi haichachi ovyo.

Chachu, ukungu na bakteria wengi hufa kwenye nyuzijoto 70 hadi 85. Tatizo ni wale wachache wanaotengeneza vijimbegu vyenye ganda gumu, na mkubwa wao ni Clostridium botulinum anayeishi kwenye udongo, kwa hiyo anaweza kuwepo kwenye chochote kinachotoka shambani. Vijimbegu vyake vinastahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Kuviua kunahitaji nyuzi 121, joto ambalo hulipati bila mtambo wa presha. Vikibaki hai ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, pasipo na hewa, vinaota na kutoa sumu inayopoozesha misuli mpaka ile ya kupumulia. Sumu hiyo inaweza kuwemo bila harufu yoyote mbaya.

Hapo ndipo asidi inapotuokoa. Kijimbegu hicho hakiwezi kuota mahali ambapo pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, iko 4.6 au chini yake. Kadiri namba ya pH inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi. Kwa hiyo kwenye kinywaji chenye asidi nyingi, joto la kawaida la jikoni linaua chachu, ukungu na bakteria wa kawaida, na asidi inawashikilia wale sugu wasiamke. Kwenye kinywaji kisicho na asidi, kazi hiyo haina wa kuifanya, hata ukichemsha kutwa nzima.

Pasheni iko karibu na pH 3. Ukwaju na choya vina asidi zaidi ya hapo, na limau na ndimu ndizo kali kuliko zote. Ubuyu na nanasi nao wamo kundini. Hivi vyote unaweza kuvisindika kwa sufuria ya kawaida.

Nyanya imekaa mpakani, kati ya 4.3 na 4.9 kutegemea aina na kiwango cha kuiva, kwa hiyo inaongezwa asidi kila mara, bila kubahatisha. Embe bivu lina kigeugeu zaidi: moja linaweza kuwa 3.8 na jingine la mti wa jirani likapita 4.6. Ushauri wangu kwa embe ni kugandisha rojo lake kwenye friza. Ukitaka lazima liende kwenye chupa, chukua lile lisiloiva sana, changanya na limau kwa wingi, na usifunge chupa mpaka umepima kwa chombo na kuona namba iko chini ya 4.2.

Papai, tikitimaji, ndizi, parachichi, maji ya miwa na tui la nazi viko upande wa hatari. Vinyweni vikiwa vibichi, au viwekeni kwenye friji na kuvimaliza upesi. Maharage, mahindi mabichi, mboga za majani, nyama na samaki visifikiriwe kabisa kwa njia hii.

Halafu kuna tangawizi, na hapa ninaomba uniskilize kwa makini kwa sababu juisi yake inatengenezwa kila mtaa na kufungwa kwenye chupa kila siku. Tangawizi inawasha koo, lakini kuwasha huko si asidi. Maji ya tangawizi na sukari peke yake yana pH iliyo mbali juu ya 4.6. Ikichanganywa na nanasi na limau nyingi inaweza kuingia kundi salama, ila hilo lithibitishwe kwa kipimo. Ulimi haupimi asidi: sukari inaficha ukali uliopo, na viungo vinaleta ukali usiokuwepo. Karatasi za kupimia pH zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Kwa vinywaji vyenye rangi kali kama choya karatasi hazisomeki vizuri, kwa sababu rangi ya kinywaji inafunika rangi ya kipimo. Huko kipimo cha betri kinafaa zaidi.

## Vifaa

Sufuria iwe pana na yenye kina cha kutosha chupa zisimame ndani yake na maji yazipite juu kwa sentimita 2 au 3. Chini tandika kitambaa kizito kilichokunjwa au wavu wa chuma. Chupa ikigusa chuma chenye moto chini yake inapasuka, na ikipasuka moja unapoteza maji yote ya sufuria na nusu saa ya moto.

Chupa ziwe za kioo. Zile za plastiki za maji na soda huanza kulegea na kujikunja zikifika nyuzi 70 hivi, kwa hiyo hazistahimili kazi hii. Makopo ya kioo yaliyokuwa na jamu yanafaa sana, mradi mdomo hauna hata chembe ya kuchubuka. Pitisha ncha ya kidole taratibu kuzunguka mdomo, utausikia ufa ambao jicho haliuoni. Mifuniko ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Ule utepe laini ulio upande wa ndani ndio unaoziba hewa, na ukishabonyezwa na moto mara moja unabaki na alama ya mdomo wa zamani. Nunua mifuniko mipya kila awamu. Chagua chupa za ukubwa ambao familia yako inaimaliza kwa siku moja au mbili, hasa kama huna friji. Mililita 300 hadi 500 zinatosha nyumba nyingi.

Kipimajoto cha jikoni chenye ncha ndefu ya chuma ndicho kitu ambacho singekubali kufanya kazi bila nacho. Kabla ya kukiamini, kijaribu. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chovya: kinapaswa kusoma 0. Kisha kichovye kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja kitasoma 100. Ukiwa Arusha utaona takriban 95, na Nairobi au Mbeya ni kati ya 94 na 95, kwa sababu kila ukipanda mita 300 maji huchemka kwenye joto lililopungua kwa karibu nyuzi 1. Namba hiyo ya kwenu iandike ukutani. Utaihitaji.

Zaidi ya hapo andaa chujio, mwiko, upawa, faneli, koleo la kunyanyulia chupa, vitambaa safi vya kutosha na birika la maji ya moto pembeni.

## Juisi ya pasheni, hatua kwa hatua

Nimechagua pasheni iwe mfano mkuu kwa sababu mbili. Ina asidi ya kutosha kukusamehe makosa madogo, na harufu yake ndiyo inayoonyesha wazi tofauti kati ya kupasteurisha na kuchemsha. Pasheni iliyochemshwa kwenye sufuria wazi inajaza nyumba nzima harufu nzuri, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ladha ya juisi yako. Imeondoka na mvuke.

Kilo 3 za pasheni zilizoiva, zilizonyauka kidogo ganda, hutoa kama lita 1 ya juisi yenyewe. Zioshe kabla ya kukata, kwa sababu kisu kinabeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Toa zile zenye ukungu au zinazonuka chachu. Hakuna moto unaofufua tunda lililooza. Kata katikati, komba kwa kijiko, kisha achanisha mbegu na nyama. Ukitumia blenda, iwashe na kuzima mara mbili tatu tu. Ukiiacha izunguke, mbegu zinasagika, juisi inajaa chenga nyeusi na inapata uchungu. Mimi napenda chujio la chuma na mwiko: inachukua muda, lakini mbegu zinabaki nzima na rangi inatoka ya dhahabu.

Chemsha lita 2 za maji na gramu 400 za sukari mpaka sukari iyeyuke kabisa. Chuja kama sukari ina takataka. Sasa ipua sufuria na umimine juisi ya pasheni humo ndani. Ukifanya hivi, maji ya sukari yaliyo moto yanaipandisha juisi karibu na nyuzi 70 papo hapo, na inabaki safari fupi tu ya kuifikisha 85. Harufu inakaa motoni muda mfupi kuliko ungechanganya vyote vikiwa baridi.

Rudisha sufuria kwenye moto wa wastani, koroga chini kabisa bila kuacha. Pasheni ina wanga ndani yake. Ikipata moto wanga huo unakuwa mzito kidogo na hushika chini ya sufuria, ukiungua juisi yote inanuka moshi. Chovya kipimajoto katikati ya sufuria, kisiguse chini. Kikisoma 85, ipua.

Wakati huo chupa zako ziwe tayari. Zioshe kwa sabuni, zisuuze vizuri, zichemshe dakika 10 na ziache humohumo kwenye maji ya moto mpaka saa ya kujaza. Chupa ya baridi ikimiminiwa juisi ya nyuzi 85 inapasuka kiunoni, na ikiwekwa juu ya marumaru au saruji ya baridi inapasuka kitako. Weka juu ya ubao au kitambaa.

Jaza ukiacha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 juu. Pangusa mdomo kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya moto, maana tone moja la juisi yenye sukari linatosha kuuzuia mfuniko usikae. Funga kwa kukaza na ncha za vidole, usitumie nguvu za kiganja. Hewa iliyo juu ya juisi inahitaji kutoka inapopata moto.

Wengi huishia hapa: wanaigeuza chupa kichwa chini dakika 3 ili juisi ya moto iue vijidudu vya kwenye mfuniko, basi. Viwandani njia hiyo inafanya kazi kwa sababu kila chupa inajazwa kwenye joto lilelile. Jikoni sivyo. Ukiwa na upawa na faneli, chupa ya kwanza inapata juisi ya nyuzi 85 na ya mwisho inapata ya 70, na hiyo ya mwisho ndiyo inayovimba baada ya wiki mbili. Kwa hiyo zipitishe zote kwenye maji.

Maji ya sufuria kubwa yawe tayari kwenye nyuzi 75 hivi. Shusha chupa taratibu, zisigusane, ongeza maji ya moto kutoka kwenye birika mpaka yapite vifuniko. Chupa moja iache bila kuifunga, uiinue kidogo ili shingo yake iwe juu ya maji, na kipimajoto kikining'inia katikati ya juisi yake. Hiyo ndiyo chupa ya kupimia. Maji ya nje yanaweza kuwa 85 na katikati ya chupa bado ni 72, na anayehesabu dakika kwa kuangalia maji anajidanganya. Chupa ya kupimia ikifika 80, ndipo unaanza kuhesabu dakika 20. Maji ya nje yashikilie kati ya 82 na 87 muda wote. Kwenye gesi ni rahisi. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu au yafunike majivu, na uwe na jagi la maji ya kawaida la kupunguzia joto likizidi. Usimwage maji hayo juu ya chupa, yamimine pembeni.

Dakika zikitimia, toa chupa moja moja, zisimamishe juu ya kitambaa kikavu mahali pasipo na upepo, ziachane kidogo. Usizikaze tena, usizifute, usizitikise. Unaweza kusikia mifuniko ikitoa mlio wa "tak" inapovutwa ndani. Chupa ya kupimia inywe siku hiyohiyo.

Nyuzi 80 ni nyuzi 80 kila mahali, kwa hiyo njia hii inafanya kazi Njombe sawasawa na Tanga. Mwinuko unakusumbua pale tu unapotegemea maji yachemke. Kama bado hujapata kipimajoto, chemsha kabisa: chupa zimefunikwa na maji, hesabu dakika 10 tangu maji yachemke kweli kweli ukiwa chini ya mita 1,800, na 15 ukiwa juu ya hapo. Juisi itakuwa salama, ladha itakuwa imepikwa zaidi.

Ukwaju, choya na ubuyu vinafuata njia hiyohiyo. Choya loweka au chemsha kwanza, chuja mara mbili ili mashapo yasitulie chini ya chupa. Ubuyu uchuje vizuri zaidi, kwa sababu unga wake ni mzito na unaungua haraka kuliko pasheni. Kinywaji chenye gesi au kinachoendelea kuchacha usikifunge na kukipasha. Chupa italipuka.

## Nyanya

Hapa ndipo pesa nyingi ya nyumba inaokolewa, na ndipo makosa makubwa yanafanyika.

Kilo 2.5 za nyanya zilizoiva vizuri hutoa karibu lita 1 ya rojo jepesi. Ukitaka zito, hesabu kilo 3. Chagua nyanya ngumu zilizoiva shambani. Zile zilizopasuka, zilizolainika au zilizotoka kwenye mti uliokufa zina asidi pungufu, na bei yake ndogo isikushawishi. Zichovye kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha maji baridi, ganda litavuka lenyewe. Kata vipande na kuviweka moja kwa moja kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto. Usikate ndoo nzima ukaiacha ikisubiri. Nyanya ikikatwa, vimeng'enya vyake vinaanza kuvunja utomvu unaolipa rojo uzito, na ndiyo maana sosi nyingi za nyumbani hujitenga kwenye chupa, maji ya njano chini na nyama nyekundu juu. Moto wa haraka unavizima vimeng'enya hivyo.

Chemsha, ponda, chuja mbegu ukipenda, punguza maji mpaka ufikie uzito unaoutaka.

Usitie kitunguu, hoho, kitunguu saumu, karoti wala mafuta. Najua tumezoea kukaanga ndipo tuhifadhi. Lakini kila mboga kati ya hizo inaishusha asidi ya nyanya, ambayo tayari iko mpakani, na mafuta yanafunika vijidudu joto lisivifikie vizuri. Hifadhi nyanya tupu. Siku ya kupika ndiyo siku ya kukaanga kitunguu.

Asidi iwekwe ndani ya kila chupa, kabla ya kumimina rojo. Kwa chupa ya lita 1, vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau ya chupa ya dukani, au nusu kijiko cha chai cha sitriki asidi, zile chenga nyeupe zinazofanana na sukari. Kwa chupa ya nusu lita, gawa katikati. Limau ya dukani inapendekezwa kwa sababu asidi yake imepimwa, wakati ndimu za sokoni zinatofautiana sana. Mimi hutumia sitriki asidi: ni bei ndogo, haibadilishi harufu, na kiasi chake hakina ubishi. Ukiona ukali umezidi, ongeza sukari kidogo wakati wa kupika. Sukari haipunguzi kinga.

Mimina rojo likiwa linachemka, acha nafasi ya sentimita 1, pitisha kijiti safi pembeni kutoa mapovu ya hewa, pangusa mdomo, funga. Kwa nyanya nyuzi 80 hazitoshi. Rojo ni zito na joto linapenya polepole, kwa hiyo maji yachemke kabisa na yaendelee kuchemka. Chini ya mita 300, yaani pwani, chupa ya nusu lita inakaa dakika 35 na ya lita 1 dakika 40. Kati ya mita 300 na 900, kama Morogoro mjini, ni 40 na 45. Kati ya 900 na 1,800, ambako ndiko Dodoma, Mwanza, Arusha, Kampala, Nairobi na Mbeya, ni 45 na 50. Juu ya mita 1,800, kama Njombe au Eldoret, ni 50 na 55. Maji yakipungua ongeza yanayochemka. Yakiacha kuchemka hata kidogo, anza kuhesabu upya.

## Jamu, achari na maziwa

Jamu ni rahisi kuliko vyote kwa sababu ina walinzi wawili, asidi na sukari. Nanasi, kwa mfano, lina utomvu mdogo wa kugandisha, kwa hiyo ongeza maji ya limau na maganda yake ndani ya kitambaa, uyatoe mwishoni. Pika mpaka nyuzi 104 au 105 ukiwa pwani. Bara, chukua ile namba ya ukutani na uongeze 4 au 5. Mwenye mashaka adondoshe kidogo kwenye sahani ya baridi, asubiri, asukume kwa kidole: ikikunjamana imeiva. Jaza ikiwa moto, kisha chupa zilizochemshwa zikae kwenye maji yanayochemka dakika 5 pwani, 10 mpaka mita 1,800, 15 juu ya hapo. Anayepunguza sukari nusu ili apate jamu ya afya ajue kwamba amemwondoa mlinzi mmoja, na jamu hiyo ikae kwenye friji.

Achari inategemea siki. Soma lebo, iwe ya asilimia 5, na usiizimue kwa maji kuliko mapishi yanavyosema. Pilipili au kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta bila siki ni cha friji, kiishe ndani ya siku chache, kwa sababu mafuta yanazuia hewa na hayana asidi.

Maziwa watu hunipa mfano wake kila mara, kwa kuwa ndiyo yanayotajwa sana kwenye upasteurishaji: nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, kisha yapozwe haraka. Hilo linaua vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya kutupa mimba, lakini halifanyi maziwa ya kukaa kabatini. Hayana asidi. Yanarudi kwenye friji.

## Kesho yake asubuhi

Acha chupa zitulie saa 12 hadi 24. Kisha bonyeza katikati ya kila mfuniko. Ulioziba umezama kidogo na hautikisiki. Ukibonyea na kurudi juu, chupa hiyo haikuziba. Si hasara: iweke kwenye friji na uitumie, au badilisha mfuniko na urudie kazi yote tangu mwanzo ndani ya saa 24. Zilizoziba zifute, andika jina na tarehe, zipange mahali pakavu, penye giza na ubaridi. Kwenye joto la pwani, chini ya kitanda ni bora kuliko kabati la juu ya jiko. Nyanya zitakaa mwaka. Juisi inabaki na ladha yake vizuri ndani ya miezi 6, ingawa inaweza kupita hapo rangi ikififia.

Ukifungua, angalia kwanza na usikilize. Mfuniko uliovimba, mapovu yanayopanda, kinywaji kinachoruka juu kinapofunguliwa, ukungu hata wa doa moja, au harufu ngeni: mwaga. Usionje ili kuhakikisha. Na usikwangue ukungu ukala kilicho chini, kwa sababu ukungu unakula asidi na kuishusha kinga ya chupa nzima. Mwaga mbali na mifugo na watoto, osha mikono, chemsha chombo. Juisi salama iliyofunguliwa ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya siku 5.

Anayefikiria kuuza asiishie kwenye mwongozo huu. Tanzania vyakula vilivyosindikwa viko chini ya shirika la viwango, TBS, Kenya ni KEBS, na ofisi za mikoani za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo anayetaka mafunzo na ushauri. Daftari la kila awamu, lenye tarehe, pH, joto la chupa ya kupimia na dakika zilizotumika, lianze sasa hata kama bado unawanywesha wanao tu. Chupa moja ikiharibika, daftari hilo litakuonyesha ni zipi nyingine za kutoa kabatini.